Onyesheni fakture: barua ya wazi kwa ajensi za kazi za Beni na Butembo

Kimemi, Butembo

Kwa Waheshimiwa wakurugenzi wa ajensi za kazi mnaofanya shughuli zenu Beni na Butembo,
Kwa wakuu wa mashirika ya misaada na makampuni mnaotumia huduma zao,
Nakala kwa Enspeksheni ya Kazi, kwa ONEM (ofisi ya taifa ya ajira) na kwa FEC (shirikisho la makampuni) Butembo.

Baba na Mama waheshimiwa,

Ninawaandikia hadharani jambo ambalo kwa kawaida linasemwa kwa sauti ya chini kwenye barza, kwa sababu anayelisema kwa sauti kubwa anaogopa kwamba kontra yake haitarudishwa mwezi ujao. Tangu Goma ilipoanguka mikononi mwa waasi wa M23, Januari 2025, serikali ya jimbo imehamia Beni, na baadhi ya mashirika yameifuata. Kazi zilizokuja nazo, za udereva, ulinzi, usafi, depo, utafsiri na ukusanyaji wa takwimu, nyingi zinapita kwenu. Mfanyakazi anasaini kwa ajensi, anapokea amri kwa mteja, na analipwa na ajensi kwa pesa za mteja. Hapo kuna bei mbili. Ya kwanza ni ile iliyo kwenye fakture, ambayo mteja anailipa ajensi kwa kila nafasi ya kazi. Ya pili ni mshahara. Bei ya pili tunaijua sote. Ya kwanza mnaijua ninyi wawili tu.

Sina ugomvi na komisyo. Anayetafuta watu, anayewachuja, anayeshughulikia makaratasi yao na kuwalipa kwa wakati, amefanya kazi na ana haki ya kulipwa. Ninachokataa ni komisyo iliyofichwa, kwa kuwa ikishafichwa haiwi tena bei ya huduma yenu kwa mteja: inakuwa kipande cha mshahara wa mtu mwingine, na mwenye mshahara hawezi kujua ukubwa wake wala kuujadili. Naomba mnisikilize hoja kwa hoja.

1. Tuanze na hesabu, kwa mfano usiomhusu mtu yeyote. Tuseme dereva ana mshahara ghafi wa dola 300 kwa mwezi. Juu ya mshahara huo sheria inamdai mwajiri mchango wa CNSS (mfuko wa hifadhi ya jamii) wa asilimia 13, wa INPP (taasisi ya mafunzo ya kazi) wa asilimia 3 kwa kampuni ndogo (unashuka kadiri idadi ya wafanyakazi inavyopanda), na wa ONEM wa asilimia 0,2. Jumla yake ni dola 48 na senti 60. Kwa hiyo dereva huyo anaigharimu ajensi dola 348,60. Weka komisyo ya asilimia 10 juu yake, unafika dola 383 na senti kidogo. TVA, kodi ya ongezeko la thamani, ya asilimia 16 inaandikwa pembeni na inakwenda kwa serikali. Si ya ajensi wala ya dereva. Sasa kama mteja analipa dola 600 kwa nafasi hiyo, kuna zaidi ya dola 216 kila mwezi ambazo hazina jina. Mtaniambia zina majina: bima, yunifomu, simu, mshahara wa mhasibu wenu, akiba ya likizo ya dereva mwenyewe na ya malipo yake ya mwisho siku atakapoondoka. Sibishi, baadhi ya hizo ni gharama za kweli. Lakini gharama ya kweli inaweza kuandikwa kwenye mstari wake, na akiba ya likizo inaweza kuonekana siku dereva anapokwenda likizo. Kinachokataa kuandikwa ndicho ninachokiulizia.

Kuna na hila ndogo inayojificha ndani ya makato. Mchango wote wa CNSS ni asilimia 18: 13 za mwajiri, 5 za mfanyakazi. Mahali ambapo ajensi inamkata mfanyakazi asilimia 18 zote, dereva wetu wa dola 300 anatoa dola 54 badala ya 15, na zile 39 za ziada ni deni la mwajiri lililolipwa na mwajiriwa. Anayepokea fishi ya malipo iliyojazwa vizuri angeliona jambo hilo kwa dakika moja. Basi si ajabu kwamba fishi ya malipo imekuwa karatasi adimu, na kwamba anayeiomba anaulizwa anaitaka ya nini. Sheria ya Kazi ya tarehe 16 Oktoba 2002 inamlazimisha mwajiri kumpa mfanyakazi hesabu iliyoandikwa anapomlipa. Haimtaki mfanyakazi aeleze sababu ya kuitaka.

2. Pili, majina. Mtu anayefika saa moja na nusu asubuhi kila siku, anayevaa koti la mteja na kuendesha gari la mteja kwa amri ya mteja, kwenye karatasi zenu anaitwa prestatere, kama vile ana duka lake na anauza huduma mjini. Kwa jina hilo CNSS inapotea, likizo inapotea, ugonjwa unakuwa shauri lake, na kontra inakuwa ya mwezi mmoja mmoja bila mwisho. Kifungu cha 40 cha Sheria ya Kazi kimelisema jambo hili bila kuzungukazunguka: mtu aliyeajiriwa kwa siku, akishatimiza siku 22 za kazi ndani ya miezi miwili, akiajiriwa tena kabla miezi hiyo miwili haijaisha, kontra hiyo mpya inahesabiwa kuwa ya muda usio na mwisho. Kifungu kinachofuata kinakataza, isipokuwa kwa kazi za msimu na nyingine chache, kurudisha kontra ya muda maalum zaidi ya mara moja kwa mwajiri yuleyule. Hizi si sheria za jana, zimetimiza zaidi ya miaka 20. Najua jibu lililopo: ajensi inabadilishwa, mtu anabaki kwenye kiti kilekile, na siku zake zinaanza kuhesabiwa upya kwa mwajiri mpya wa kwenye karatasi. Kama kiti, gari, mkubwa wa kazi na lango ni vilevile, aliyebadilika ni mwenye mhuri tu.

3. Pesa zenyewe. Mteja anailipa ajensi kwa dola. Mfanyakazi analipwa kwa faranga, kwa kiwango ambacho ajensi imekichagua na siku ambayo ajensi imeichagua. Mnasema sheria inataka mshahara uandikwe kwa pesa halali za nchi, na mnasema kweli. Lakini sheria hiyo haikumpa mwajiri ruhusa ya kuwa kambista wa mfanyakazi wake. Faranga ikishuka, mshahara ulioandikwa kwa faranga unashuka nayo, na fakture ya dola inabaki ilipokuwa. Faranga ikipanda, kama tulivyoiona mwishoni mwa 2025, ghafla mnakumbuka kwamba mshahara ulipangwa kwa dola. Chagueni moja na muiandike: kiwango cha Benki Kuu cha siku ambayo mteja amelipa, basi. Hapo hakuna mtu wa kugombana naye.

4. Mlangoni. Mkataba nambari 181 wa Shirika la Kazi Duniani, wa 1997, unakataza ajensi binafsi kumtoza mfanyakazi ada yoyote, ya wazi au ya kuzunguka, ili apate kazi. Hapa kwetu matabishi ya kuingia na ile inayoitwa opération retour, yaani sehemu ya mshahara wa kwanza inayorudi kwa aliyekuingiza, vimezoeleka hata watu wanapanga bajeti yake. Sisemi kila ajensi inaamrisha hivyo. Nasema mahali ambapo nafasi haitangazwi, vigezo havijulikani na bei haionekani, yule mtu mmoja anayeshika orodha ya majina anakuwa na nguvu isiyo na mpaka, na tunajua inavyotumika. Tume huru iliyochunguza mwenendo wa watumishi wakati wa Ebola, ikiongozwa na Aïchatou Mindaoudou wa Niger na Julienne Lusenge wa hapa Kongo, ilitoa ripoti yake Septemba 2021: watuhumiwa 83, na 21 kati yao walikuwa wameajiriwa na OMS, Shirika la Afya Duniani, lenyewe. Wanawake waliieleza Tume kwamba walidaiwa miili yao ili wapate kazi au wasiipoteze. Zilikuwa kazi za aina hii hii ninayoizungumzia, za mikataba mifupi na za kuajiriwa kwa neno la mtu mmoja.

5. Sasa nageukia wateja, kwa kuwa ajensi zina haki ya kuuliza kwa nini lawama zote ziwaangukie wao. Waheshimiwa wa mashirika, mnapotangaza zabuni ya wafanyakazi 40 na kumpa yule aliyeandika bei ya chini kabisa, mnajua ni wapi bei hiyo imeshushwa? Mafuta yana bei moja kwa wote. Michango ya CNSS imepangwa na serikali. Kodi ya ofisi pale katikati ya mji haimhurumii yeyote. Kinachoweza kubanwa ni mshahara, na chini yake ni michango isiyopelekwa. Kwa hiyo mashindano mnayoyaita ya huduma kwa kweli ni mashindano ya kumlipa mtu kidogo, na mshindi wenu ni yule aliyethubutu kumlipa kidogo kuliko wenzake. Ajensi iliyotaka kufuata sheria inashindwa kwenye zabuni kwa sababu ilifuata sheria. Hili ndilo linalonikera kuliko yote, na ndilo linalonifanya niamini kwamba maonyo kwa ajensi peke yao hayatabadilisha kitu.

Kolwezi walishalipitia. Novemba 2021, shirika la RAID la Uingereza na CAJJ la Kolwezi walitoa ripoti kuhusu migodi mitano mikubwa ya kobalti na shaba: asilimia 57 ya wafanyakazi waliokuwa humo walikuwa wameajiriwa kwa njia ya sutretansi, yaani kupitia kampuni ya kati, wakifanya kazi bega kwa bega na wa kampuni mama, kwa mshahara mdogo na kinga ndogo. Migodi ile haikukosa pesa. Ilikuwa na njia ya kisheria ya kumweka mwajiri wa karatasi kati yake na mtu anayechimba, ili ukiuliza juu ya mshahara kila mmoja amwonyeshe mwenzake kwa kidole. Kifungu cha 86 cha Sheria ya Kazi yetu kinasema kazi sawa, ujuzi sawa na tija sawa vipewe mshahara sawa. Shirika lenye dereva wake wa kudumu na dereva wa ajensi kwenye barabara ileile ya Beni kwenda Oicha, kwa hatari ileile, lingekisoma kifungu hicho kabla ya kusaini fakture ijayo.

Nijibu sasa yale ninayoyajua mtasema. Mtasema mteja analipa baada ya siku 45 au 60, na ninyi mnalipa mishahara kwa pesa zenu, katika mji ambao vita vimefanya kila kitu kiwe kigumu. Ni kweli, na mkopo una gharama. Basi iandikeni: mstari mmoja, gharama ya kutanguliza mishahara, kiasi fulani. Mteja akiona kwamba ucheleweshaji wake unamgharimu, atajifunza kulipa mapema. Tena, wengi wenu mnajiita makampuni ya sutretansi mnapoomba kazi. Sheria 17/001 ya tarehe 8 Februari 2017 inamtaka mwenye kazi atoe kitangulizi cha angalau asilimia 30 kabla kazi haijaanza. Kama mnaitumia sheria hiyo kuingia sokoni, daini pia hiyo asilimia 30. Msimkope mfanyakazi bila kumuuliza.

Mtasema fakture ni siri ya biashara. Siri dhidi ya nani? Mshindani wenu anaweza kukisia bei yenu, maana mnakutana kwenye zabuni zilezile. Asiyeweza kuikisia ni mlinzi wa langoni. Na pesa hizi si mtaji wa mfanyabiashara binafsi: nyingi zimeombwa kwa walipa kodi wa Ulaya na Marekani kwa jina la wakimbizi wa Lubero na wajane wa Beni. Uingereza, ambako biashara ya ajensi ni kubwa kuliko yetu mara nyingi, tangu Aprili 2020 ajensi inalazimika kumpa mfanyakazi, kabla hajakubali masharti, karatasi inayoonyesha nani atamlipa, kiwango cha chini cha malipo, makato yote, na mfano wa hesabu. Ajensi za kule hazikufa kwa karatasi hiyo.

Mtasema hakuna aliyelazimishwa. Nje ya ofisi zenu watu wamepanga mstari, na anayekataa dola zenu kuna mia wanaozitaka. Hilo nalijua vizuri, na sababu yake pia. Tangu Oktoba 2014 mauaji ya waasi wa ADF yamewatoa wakulima wa eneo la Beni kwenye mashamba yao ya kakao na kahawa; kusini mwetu vita vya M23 vimeijaza Butembo watu wasio na shamba wala duka. Wingi huo wa wenye shida unaeleza jinsi mnavyoweza kulipa kidogo. Hauelezi kwa nini mteja aendelee kutozwa kiasi kikubwa. Kama soko la watu ndilo limeshusha mshahara, basi fakture nayo ingeshuka. Isiposhuka, tofauti imekwenda mahali.

Na wako watakaosema kwamba barua kama hii inataka ajensi zifungwe. Hapana. Namibia ilijaribu kupiga marufuku biashara hii kwa sheria yake ya kazi ya 2007, na mwaka 2009 Mahakama ya Juu ya nchi hiyo ikaifuta marufuku hiyo. Afrika Kusini ilichukua njia nyingine: tangu marekebisho ya sheria ya 2014, mfanyakazi wa kipato cha chini aliyewekwa na ajensi kwa zaidi ya miezi mitatu anahesabiwa kuwa mwajiriwa wa mteja, na Mahakama ya Katiba ikathibitisha hivyo Julai 2018. Ajensi ziko, kazi ziko, lakini mteja hawezi tena kusema hamjui mtu anayemfungulia lango. Kwa macho yangu njia ya pili ndiyo inayotufaa, na kifungu cha 40 kimeshatusogeza karibu nayo kuliko tunavyodhani.

Ninayoomba ni haya. Kwenu wakurugenzi wa ajensi: kila kontra iambatane na ukurasa mmoja wenye bei ya fakture, mshahara ghafi, na kila mstari ulio kati yake, pamoja na komisyo yenu kwa jina lake; na fishi ya malipo kila mwezi, yenye nambari ya CNSS ya mfanyakazi, bila kuombwa. Kwenu wateja: andikeni mshahara wa kila nafasi ndani ya zabuni yenyewe, mshahara usioguswa, ili ajensi zishindane kwa komisyo na kwa ubora wa huduma, lipeni kitangulizi, na mnapokuja kukagua hesabu, msiishie kwa mhasibu wa ajensi, waulizeni watu watano langoni wanapokea kiasi gani. Msiseme hili si kazi yenu. Wakati wa Ebola, tangu ilipotangazwa tarehe 1 Agosti 2018 kutoka Mangina hadi ilipokwisha tarehe 25 Juni 2020, watu 2.287 walikufa, na sehemu ya wakazi wa mji huu ilikataa kuamini ugonjwa kwa sababu iliona magari mengi na pesa nyingi zisizoeleweka zinakwenda wapi. Neno biashara ya Ebola lilizaliwa hapo. Likawagharimu wauguzi wetu kutoaminiwa na majirani zao, katika siku ambazo kuaminiwa kulikuwa sehemu ya tiba. Tayari watu wanaanza kuuliza hivyohivyo juu ya misaada ya wakimbizi.

Kwa Enspeksheni ya Kazi na ONEM: bandikeni hadharani, Beni na Butembo, orodha ya ajensi zenye ruhusa halali ya kufanya kazi hii. Chini ya utawala wa kijeshi uliotangazwa Mei 2021, mfanyakazi wa kontra ya mwezi hana nafasi kubwa ya kuandamana wala kugoma. Ninyi mna haki ya kuingia ofisini na kuomba vitabu. Hamhitaji sheria mpya wala bajeti kutoka Kinshasa. Ombeni karatasi mbili kwa kila ajensi, fakture ya mwezi uliopita na fishi za malipo za mwezi huohuo, mziweke juu ya meza moja, na mtuambie mmeona nini.

Kwa heshima,

Mfanyakazi wa kontra, Kimemi, Butembo